Moshi wa Chungu Kitupu

Mwalimu wa mjukuu wangu alipita hapa majuzi akataka nimwambie nilichojifunza katika kitabu cha marehemu mume wangu. Wanakusanya mafunzo ya samurai wa kale, alisema, watoto wayasome asubuhi kabla ya hesabu. Alikunywa chai yangu, akakishika kile kitabu kwa mikono miwili kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga. Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri, na kwa kuwa mdomo wangu ni mzito mbele ya walimu, ninaandika.

Shule yangu mimi ilikuwa ya hekaluni, miaka michache tu, herufi zile nyepesi. Herufi nzito, zile za Kichina zilizojaa vitabuni, nilizipata baadaye, moja moja, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika mchangani. Kwa hiyo kitabu hiki nimekisoma polepole, kwa kidole, baada ya mwenyewe kufa. Nimekimaliza, nikakirudia tena toka mwanzo, nikidhani pengine kuna ukurasa niliouruka.

Mume wangu aliitwa Kanshiro, wa ukoo wa Nukazawa. Alizaliwa samurai, lakini kabla hajafika umri wa kufunga panga mbili kiunoni, bwana mkubwa wa ngome yetu alikwishaondolewa, na panga zikapigwa marufuku. Hakupigana vita hata kimoja. Hakuwahi kumtumikia bwana yeyote. Usamurai wake wote ulitoka kitabuni. Wazee waliopigana kweli, wenye makovu, nilikuwa nikiwaona wakiomba tumbaku kwa majirani bila haya na kucheza na wajukuu matopeni. Wao hawakuwa na la kuthibitisha. Yeye aliyekosa vita ndiye aliyeshika kila neno.

Mimi ni binti wa mtengeneza tofu, jibini ya soya. Zamani nisingekanyaga kizingiti cha nyumba ile ila kwa mlango wa uani, nikiwa na ndoo. Sheria ilipobadilika, mama yake akawa mgonjwa, wakahitaji mtu anayejua kuwasha moto, ndipo nikaolewa kwa mlango wa mbele. Tulipata mabinti wawili, Shige, na mdogo wake Fusa.

Kitabu kinaanza na kifo. Kila alfajiri, kinasema, mtu wa upanga ajihesabu kuwa amekwisha kufa, na siku hiyo hatakuwa na woga. Kanshiro alifanya hivyo kila siku ya Mungu. Alikaa juu ya magoti, mgongo wima kama mwanzi, akasoma kwa sauti, akafumba macho, akafa. Mimi nilikuwa jikoni napuliza makaa. Hilo ni la kwanza nililojifunza, mwalimu: ni rahisi mtu kuamka akajihesabu maiti ikiwa yuko mwingine wa kuteka maji.

Kisha ukaja mwaka wa baridi. Kiangazi kilipita hakuna jua, ila ukungu na upepo wa kaskazini. Mpunga ukatoa masuke yasiyoinama. Mkulima akiona suke limesimama wima mwezi wa kuvuna, anajua ndani hamna kitu. Kanshiro alikuwa akifundisha watoto wa mji kuandika, wazazi wakimlipa kwa mboga na mchele. Watoto wakaacha kuja. Tukala viazi vikuu vilivyobaki, tukala majani ya figili, tukala magome ya msonobari niliyoyatwanga mpaka yakawa unga mwekundu.

Katika mtaa wetu kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika. Asubuhi watu hutazama mapaa. Nyumba isiyotoa moshi, jirani mmoja atapita na kitu, akiache mlangoni bila kubisha, na hakuna atakayekizungumza. Kanshiro aliijua desturi ile kama sisi sote. Siku chungu chetu kilipokuwa hakina kitu kabisa, aliniambia niwashe moto.

"Nipike nini?"

"Maji," akasema. "Tia na majani mabichi ya msonobari, moshi uonekane."

Halafu akachonga kijiti cha kuchokolea meno, akatoka, akaketi langoni nacho mdomoni, akawasalimu wapita njia kama mtu aliyetoka mezani sasa hivi. Kila mtu huku amesikia msemo ule, kwamba samurai hata akiwa na njaa huchokoa meno. Wengi huusema kwa kucheka. Yeye alikuwa anautekeleza.

Jirani yetu wa ukutani aliitwa Okume, mjane, mtengeneza tofu kama baba yangu, mwanamke wa maneno. Hakudanganyika hata siku mbili. Alichungulia juu ya ua.

"Mama Shige, moshi wenu mnene leo. Mnapika nini?"

"Uji."

"Uji wa kitu gani usionuka? Pua yangu haijafa, mwanangu, miguu ndiyo inayokufa."

  Baadaye akapitisha bakuli kwenye tundu la ua. Yalikuwa machicha ya soya, yale yanayobaki ukishakamua maji ya kutengenezea tofu. Watu wa baraka huwapa nguruwe. Nikayakaanga makavu, watoto wakala wakiwa wameegemea ukuta wa jikoni, na Fusa akalamba mwiko mpaka ukang'aa.

Kanshiro alinusa pumzi ya mtoto. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Aliuliza bakuli ni la nani, akaliosha kwa mkono wake mwenyewe. Sasa, huku kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Watu hutia chochote, kipande cha karatasi nzuri, matawi mawili ya maua. Lakini kitabu kinasema fadhila ya mtu wa chini irudishwe kwa uzito zaidi, ili asije akakutazama kutoka juu. Basi akafungua kasha la marehemu mama yake, akatoa kichana cha ng'amba, kitu cha mwisho ndani ya nyumba ambacho mtu angeweza kukibadilisha kwa gunia la mtama. Akakitia bakulini. Akavaa vazi lake lenye alama ya ukoo, akapita mlango wa mbele mpaka mlango wa mbele wa Okume, watu wakitazama.

"Nyumba yangu imeshiba," akasema. "Tunashukuru kwa ukarimu wako. Pokea hiki kidogo."

Okume alinisubiri uani kesho yake, uso umemvimba.

"Nimetoa takataka ya soya, nimeletewa kichana cha ng'amba. Nikileta tena atanipa nini, mlango? Paa?"

"Mama Okume, usikasirike."

"Sikasiriki, naogopa. Nilikirudisha, amekataa kukishika. Anasema neno limekwisha. Kila bakuli nitakalowapa linawafanya maskini zaidi. Mumeo anajua kufunga mlango, yule. Anaufunga kwa zawadi."

Na kweli machicha yakakoma. Si Okume tu. Habari ya kichana ilizunguka mtaani, na nani tena angethubutu kuwapelekea akina Nukazawa viazi viwili, apewe upanga?

Watoto nao walikuwa wanafunzwa. Kila asubuhi, baada ya kusoma, aliwaita. Mgeni akikuuliza kama umekula, weka viganja chini, inama, sema: nimeshiba, ahsante. Shige aliyasema kwa shingo upande, alikuwa mkubwa, alikwisha kuelewa. Fusa aliyapenda. Alidhani ni mchezo. Alikuwa akiyasema kwa paka, kwa jiwe la kisima, akiinama mpaka nywele zinagusa mkeka. Baba yake alimtazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona likimtazama mtu mwingine.

Ikawa mwishoni mwa vuli serikali ikatoa mpunga wa msaada. Aliyetumwa mtaani kwetu kuuliza nyumba zenye shida alikuwa Heisuke. Zamani Heisuke alikuwa askari wa miguu chini ya baba yake Kanshiro, akimshikia mkuki njiani. Sasa alikuwa mtu wa ofisi, ana koti la kizungu juu ya kimono. Lakini alipofika langoni petu alipiga magoti udongoni, koti na yote, ingawa miaka ile hakuna aliyemlazimisha mtu kumpigia mwenzake magoti.

"Bwana mdogo," akasema, "nimeamriwa nipite kila nyumba. Si kwa kupenda kwangu. Niambiwe tu palipo na upungufu."

Kanshiro alikuwa pale pale na kijiti chake. "Hapa hapana upungufu, Heisuke. Ndiyo kwanza tunainuka kula. Ungewahi kidogo ungekula nasi."

"Ahsante sana, bwana mdogo."

Nikatoka nje, mikono ina masizi. "Heisuke, hatujala. Watoto wana siku mbili na maji matupu."

 Kisha Kanshiro akacheka, kicheko chepesi cha mtu aliyeshiba. "Usimchukulie vibaya mke wangu. Ni binti wa dukani. Akiona mtu anagawa kitu, lazima apatane bei."

Heisuke alinitazama, akatazama moshi juu ya paa. Hapo Fusa akatokea, ameshikilia nguzo. Miguu yake ilikwisha kuwa ya kunguru.

"Binti mdogo," Heisuke akamwambia kwa upole, "umekula nini leo?"

Akaiachia nguzo. Akaketi, akaweka viganja vyake chini, vidole vimeelekeana kama alivyofunzwa, akainama. "Nimeshiba, ahsante."

Sauti ilikuwa ya panzi. Kanshiro akafumba macho kama anayesikiliza muziki.

"Bwana mdogo amelea mtoto," Heisuke akasema, naye akainama mpaka paji likagusa udongo, akaondoka.

Nilimfuata mpaka kwenye kona ya ukuta wa hekalu. Nikamshika mkono wa koti.

"Umeiona shingo ya mtoto?"

"Nimeiona, mama."

"Basi sema kuwa umeiona."

"Nikisema, nimemwita bwana mdogo mwongo mbele ya ofisi nzima. Baba yake alinitoa shimoni, mama. Jina hili ninaloitwa alinipa yeye. Nitamfanyia hivyo mwanawe?"

"Na mtoto je?"

Macho yakamlegea. "Mwambie aniite. Hata asiseme neno, apunge kidole tu, nitaleta leo leo mgongoni mwangu."

Nikarudi. Nikamwambia Kanshiro yote, nimepiga magoti, kitu nilichokifanya mara chache.

"Nimeshamwambia tumekula," akasema.

"Mwambie tena vingine."

"Mtu wa upanga hana maneno mawili."

"Basi liwe neno langu, si lako. Mimi si mtu wa upanga."

"Uko ndani ya neno langu, Tose. Wote mko ndani yake." Hakusema kwa ukali. Nadhani aliona ananipa mahali pazuri pa kukaa.

Ukurasa ule nimeutafuta, mwalimu, nao upo, wa neno moja lisilorudi nyuma. Lakini nimekuta na mwingine, katikati, ambao Kanshiro hakuwahi kuusoma kwa sauti. Unasema mtu wa upanga asiguse chakula chake kabla farasi wake hajalishwa. Nikatafuta kama umeandikwa ukurasa kama huo wa mtoto. Nimefungua jani baada ya jani. Farasi yuko, mwewe wa kuwindia yuko, upanga unapakwa mafuta kabla mwenyewe hajalala. Mtoto hayumo. Nikagundua kwamba aliyekiandika kitabu hiki kila vuli alipokea mpunga wake kutoka ghala la bwana wake, magunia kwa magunia, ukapikwa na mwanamke ambaye hakumwandika. Alizungumza habari za njaa kama mtu anavyozungumza habari za nchi aliyoisikia kwa wasafiri.

Siku ile sikungoja tena. Nilipita uani nikaenda kwa Okume bila bakuli, nikakinga aproni.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaniambia, huku anajaza kwa mikono yote miwili. "Chukua. Na safari hii asiniletee kitu, nitamtupia kichwani."

Shige alikula. Fusa nilimtafunia mimi nikamtia mdomoni, akameza kidogo, kikarudi. Nikamkorogea kwa maji moto, kikarudi. Tumbo lilikwisha kusahau kazi yake. Nilishinda naye mapajani siku ile na siku zilizofuata, nikimpa tone kwa tone kwa ncha ya kidole. Theluji ya kwanza ilipoanguka, asubuhi, wakati baba yake anasoma chumba cha pili, nilihisi uzito wake umebadilika. Nikasubiri amalize ukurasa. Sikuwa na haraka tena.

Sasa, mtu akifa kwetu, kabla ya jambo lingine lolote, hupikwa wali mweupe kwa moto wake peke yake, ukajazwa kwenye bakuli lake mwenyewe mpaka uwe kilima, vijiti vya kulia vikasimamishwa katikati, ukawekwa kichwani pake. Maiti asipowekewa wali ule, ni aibu kwa nyumba mbele ya wafu na walio hai. Katika nyumba yetu hapakuwa na punje.

Kanshiro aliketi kando ya mtoto kwa muda. Kisha akainuka, akavaa vazi lenye alama ya ukoo, akatoka kwenye theluji. Alikwenda kwa Heisuke. Akaomba mchele. Alirudi nao umefungwa kitambaani, akauweka mbele yangu kwa mikono miwili.

Kumbe njia ilikuwa inapitika. Kutoka lango letu mpaka kwa Heisuke si mbali, ukipita nyuma ya hekalu unafika maji hayajachemka.

Nikaupika. Harufu ya wali ikajaa nyumba, ikaingia mpaka kwenye mikeka. Shige alikuwa amekaa kona, anameza mate, anaona haya kwa kumeza. Nikaujaza kwenye kibakuli cha Fusa, chekundu, ukawa kilima, nikauweka kichwani pake na vijiti vyake vifupi. Mchana watu wakaja. Mtawa wa hekalu, Okume, Heisuke bila koti, na wa mtaani wengine, wakaketi kwa safu.

Kanshiro akazungumza nao, mgongo wima. Alisema mtoto alichukuliwa na homa. Alisema nyumba ya Nukazawa inashukuru. Alisema binti yake, mdogo vile, siku chache tu zilizopita aliulizwa na afisa kama amekula, akajibu kama anavyostahili kujibu mtoto wa samurai. Watu wakainama. Nikaona mmoja anafuta machozi, ya kupendezwa.

Nikaelewa kwamba wameanza kumjenga. Kwamba nisipofanya kitu, atakuwa hadithi nzuri, na Shige aliyeko konani atakuwa wa kuifuata.

Nikainuka. Nikatembea mpaka kichwani pa Fusa, nikachomoa vijiti, nikalichukua bakuli.

"Shige, njoo ule."

"Wa Fusa huo, mama."

"Fusa ameshiba. Njoo."

Mtawa aliacha kuhesabu shanga. Mwanamke mmoja akajifunika mdomo. Kula wali wa maiti ni jambo ambalo hata mwendawazimu wa sokoni halifanyi.

"Tose," Kanshiro akasema taratibu, "rudisha."

"Kula, mwanangu. Polepole, usipaliwe."

Shige alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Halafu njaa ikachagua. Alikula kwa vidole, mbele ya watu wote, ameinamia bakuli na mabega yamemficha kama mbwa anayeogopa kunyang'anywa. Na kwa namna alivyokula, kila aliyekuwa chumbani akajua homa ile ilikuwa ya namna gani. Hakuna aliyelazimika kusema. Heisuke akaweka paji lake kwenye mkeka, hakuliinua tena mpaka watu walipoondoka. 

"Umenivua nguo mbele za watu," Kanshiro aliniambia baadaye.

"Ndiyo, baba Shige."

Alingoja niseme zaidi, nami nikaenda kuosha kibakuli. 

Toka siku ile mpunga wa serikali ulikuja, machicha yalikuja, watu waliweka vitu langoni mchana kweupe na yeye akawapisha, kwa kuwa uso wa kulindwa haukuwepo tena. Hakunipiga, hakunifukuza. Aliishi miaka mingi, akaendelea kukisoma kitabu chake kila alfajiri, ila bila sauti. Jina la mtoto hakulitaja mbele yangu mpaka anakata roho. Na mjini, mwalimu, nasikia wako wanaoisimulia bado habari ya binti wa Nukazawa aliyeinama akasema ameshiba. Wanaikata hapo hapo. Pengine na wewe ndiyo uliyoijia.

Shige aliishi. Ndiye mama wa mwanafunzi wako. Akipakua wali, kwanza huusawazisha kwa mgongo wa mwiko, kila bakuli, usibaki na kilima, ndipo humpa mtu. Watoto wake wanadhani hiyo ni adabu ya kisamurai aliyofunzwa na baba yake.